Gigabaiti nne kutoka Kator: hesabu ya muda wa kutuma faili

Harusi ikifungwa Jumamosi katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, Kator, mjini Juba, ikifika Jumatatu jamaa walioko Kakuma, Nairobi, Omaha na Melbourne wameshaanza kuuliza video iko wapi. Mpiga video anajibu, "Kesho, mama, inapanda." Kesho inafika, faili limekwama njiani, bando limekwisha na jenereta imezimwa. Shangazi aliyeko ng'ambo anaamini amepuuzwa, na mpiga video anaanza kukwepa simu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na kalamu dakika tano kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Hesabu hiyo inamhusu kila anayelipia intaneti mjini Juba: mwanafunzi anayetuma maombi ya chuo, karani anayetuma ripoti yenye picha mia, kijana wa soko la Konyokonyo anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi. Ni hesabu ya darasa la sita, kuzidisha na kugawanya tu. Asiyeijua huuziwa kasi asiyoipata na kuipanga siku yake kwa kubahatisha, na fedha inayopotea kwa kubahatisha huko ni fedha ya watu wasio nayo nyingi.

Tuchukue video hiyo ya harusi: saa moja, picha safi, ukubwa wa gigabaiti 4.

Kosa linaanzia kwenye vipimo viwili ambavyo majina yake yanafanana. Ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, na baiti moja ina biti nane. Tangazo likisema 10 Mbps, yenye b ndogo, maana yake ni megabiti kumi kwa sekunde. Simu ikikuonyesha MB, yenye B kubwa, hizo ni megabaiti. Anayegawanya megabaiti 4,000 kwa 10 anapata sekunde 400, chini ya dakika saba, na hapo ndipo ahadi ya "sasa hivi" inapozaliwa. Anayejua ataanza kwa kuzidisha 4,000 kwa 8, apate megabiti 32,000, kisha agawanye kwa 10: sekunde 3,200, yaani dakika 53. Tofauti ya dakika saba na dakika 53 yote imo katika herufi moja.

Nazo hizo dakika 53 ni za kwenye karatasi. Faili halisafiri likiwa kipande kimoja. Hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500, na kila kipande hubandikwa anwani ya kilikotoka na kinakokwenda pamoja na alama za kukagua kama kimefika kizima. Anwani na alama hizo nazo zinachukua nafasi njiani. Vipande vinavyopotea hewani hutumwa upya. Kwa hiyo mtu mwenye busara hupunguza kidogo kabla ya kuahidi, na mimi napendekeza njia ifuatayo kwa sababu haihitaji hata kikokotoo. Megabiti moja kwa sekunde ikifanya kazi saa nzima hubeba megabaiti 450. Ondoa sehemu inayoliwa njiani, ubaki na 400. Basi kariri hivi: kila megabiti moja ya kasi ni megabaiti 400 kwa saa. Kasi ya 2 inabeba megabaiti 800 kwa saa, kasi ya 5 inabeba gigabaiti 2, kasi ya 10 inabeba gigabaiti 4. Video yetu kwa kasi ya 10 ni saa moja kamili.

Ila ni kasi ipi? Kampuni zikitangaza, hutangaza kasi ya kushusha, kwa sababu ndiyo kubwa. Watu wengi hutazama na kusikiliza kuliko wanavyotuma, kwa hiyo masafa ya mnara hugawiwa kwa kuwapendelea wanaoshusha. Tena simu yako ina antena ndogo na betri ya mfukoni, haiwezi kuufikishia mnara sauti yenye nguvu kama ile mnara unayokuletea. Ukipima laini ya simu usishangae kuona 12 ya kushusha na 2 ya kupandisha. Mpiga video anapandisha. Namba inayomhusu ni ile 2, na kwa kanuni yetu gigabaiti 4 kwa megabaiti 800 kila saa ni saa tano. Akianza saa mbili asubuhi atamaliza saa saba mchana, kama kila kitu kitakwenda sawa. Hapo ndipo ahadi ya kweli inapatikana, na shangazi anayeambiwa saa nane mchana hatalalamika.

Halafu lazima tujiulize njia nzima ikoje, maana data inayotoka Kator inapita mikono mingi. Hali yake ni kama ya malori ya unga na saruji yanayotoka Nimule. Barabara ya Nimule hadi Juba, ya kilomita 192, ilikamilika kuwekwa lami mwaka 2012, lakini kuingia Juba kulibaki kutegemea daraja moja kuukuu la chuma juu ya Nile, mpaka Daraja la Uhuru, la mita 560, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilipofunguliwa Mei 2022. Ungeipanua lami mara mbili, malori yangefika mapema na kupanga foleni kwenye daraja lile lile. Katika mtandao pia sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo inayoamua kasi ya safari nzima. Inaweza kuwa Wi-Fi ya ofisi inayogawiwa watu thelathini, au mnara, au kompyuta ya anayepokea huko Kakuma. Kununua bando kubwa hakupanui sehemu nyembamba iliyo kwa mtu mwingine.

Kwa miaka mingi sehemu nyembamba ya Sudan Kusini nzima ilijulikana. Mikongo ya baharini ilifika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, na EASSy ikafuata 2010. Nchi ikapata uhuru tarehe 9 Julai 2011, lakini mawasiliano yake na dunia yaliendelea kutegemea zaidi setilaiti. Ni Februari 2020 ndipo kampuni ya Liquid Telecom na serikali zilipowasha kiungo cha kwanza cha nyuzi za kioo kutoka nje kuja Juba, kilichotandazwa kwa karibu kilomita 200 kutoka mpaka wa Uganda. Zaidi ya miaka kumi ilipita kati ya mkongo kugusa ufuo wa Mombasa na mwanga wake kufika Juba. Waliofanya kazi mjini katika miaka hiyo wanakumbuka masahani makubwa juu ya mapaa ya ofisi, na laini moja iliyogombewa na idara nzima.

Hesabu ya wakati ule inafaa kufanywa ili tuone tulikotoka. Ofisi yenye laini ya setilaiti ya kilobiti 512 kwa sekunde, watu kumi wakiitumia kwa pamoja, kila mmoja anabaki na kilobiti 51. Picha moja ya megabaiti 5 ni kilobiti 40,000. Gawanya: sekunde zaidi ya 780, yaani dakika 13 kwa picha moja. Video yetu ya harusi kwa mwendo huo ingechukua zaidi ya siku saba mchana na usiku, bila kukatika hata mara moja.

Setilaiti ina tatizo la pili, nalo haliondoki hata ukilipia laini pana. Setilaiti za zamani za mawasiliano zimekaa kilomita kama 35,800 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda huko na kushuka upande wa pili, kisha jibu linapanda na kushuka tena: zaidi ya kilomita 143,000 kwa swali moja na jibu lake. Mwanga wenyewe, kitu chenye mwendo kuliko vyote, unahitaji karibu nusu sekunde kwa safari hiyo, na mitambo ya njiani huongeza ya kwake hadi kama sekunde 0.6. Mitandao hupelekana maneno mengi madogo kabla ya kuanza kazi, na ukurasa wenye mabadilishano ishirini ya kupokezana unaweza kukuweka sekunde 12 hata kama njia ni pana mno. Vifaa vya zamani viliumia zaidi: vilituma baiti 65,535 tu kisha vikasubiri kuambiwa kwamba zimefika. Ukisubiri sekunde 0.6 kila mara, hutazidi kilobiti 873 kwa sekunde, uwe umelipia megabiti 10 au 100. Marekebisho ya utaratibu huo wa kutuma na kusubiri yaliandikwa mwaka 1992, lakini kifaa kibovu au kilichopangwa vibaya bado kinaweza kukurudisha huko.

Linganisha na nyuzi za kioo. Ndani yake mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Juba hadi Mombasa kupitia Kampala na Nairobi ni takribani kilomita 1,700, kwenda na kurudi 3,400. Mwanga huzimaliza kwa sekunde 0.017. Setilaiti za kizazi kipya kama za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, ziko kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini, ndiyo maana simu ya video kupitia sahani zake ndogo haikatikikatiki kama ya zamani. Kwa hiyo upana wa njia na urefu wa kusubiri ni vitu viwili mbalimbali. Anayetuma faili kubwa autazame upana. Anayezungumza kwa video, au kujaza fomu ya mtandaoni yenye kurasa nyingi, atazame kusubiri.

Mtu wa Kator akisikia mkongo umekatika baharini asiseme hiyo ni habari ya watu wa pwani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zikahisi siku hiyo hiyo. Kioo kinachoingia Juba kinapitia Uganda. Siku kama hizo, ahadi ya saa tano ifutwe na hesabu ipigwe upya kwa kasi ya siku hiyo.

Mnara nao una hesabu yake. Mwaka 1948 Claude Shannon, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa Bell Labs, alithibitisha kwamba njia yoyote ya mawasiliano ina kikomo, na kwamba kikomo hicho kinatokana na mambo mawili: upana wa masafa, na jinsi ishara ilivyoizidi kelele. Kwa masafa ya megahezi 20, upana wa kawaida wa 4G, ishara ikiizidi kelele mara elfu, kikomo ni karibu megabiti 200 kwa sekunde. Ishara ikilingana tu na kelele, kikomo ni 20. Masafa ni yale yale, lakini uwezo umeanguka mara kumi. Na kikomo hicho hugawiwa watu wote walioshikwa na sehemu hiyo ya mnara kwa wakati mmoja.

Mtaani hili lina maana ya moja kwa moja. Nyumba ya mabati, kuta na paa, inazuia ishara. Anayetuma faili kubwa kutoka ndani ya kibanda cha mabati analipa kwa muda wake, kwani simu ile ile ikiwekwa nje, mahali pa juu, upande unaotazama mnara, inaweza kupata kasi maradufu. Jaribu mwenyewe: pima ndani, toka nje, pima tena. Kisha pima saa mbili usiku, wakati kila mtu amerudi nyumbani na ameshika simu, halafu pima saa kumi alfajiri. Mara nyingi tofauti ya saa ni kubwa kuliko tofauti ya bei za mabando.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulidharau: basi la Kampala. Tuseme studio ina terabaiti moja ya picha za mwaka mzima na inataka zihifadhiwe Uganda. Kwa laini ya kupandisha ya 10, kanuni yetu inatoa gigabaiti 4 kwa saa, saa 250, zaidi ya siku kumi. Weka diski moja kwenye basi. Safari ya zaidi ya kilomita 600 pamoja na ukaguzi wa mpakani, Nimule na Elegu, tuihesabie saa 16, na kunakili mwanzo na mwisho saa tatu kila upande, jumla saa 22. Megabiti milioni 8 ukizigawanya kwa sekunde 79,200 unapata megabiti 101 kwa sekunde. Wachache sana Juba wanaoweza kuinunua kasi hiyo ya kupandisha, na basi linaitoa kwa nauli ya kifurushi. Funga diski kwa nywila, baki na nakala nyumbani, mkabidhi mtu unayemwamini.

Jambo hili limewahi kupimwa hadharani. Septemba 2009 kampuni moja ya eneo la Durban, Afrika Kusini, ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya gigabaiti 4, ukubwa ule ule wa video yetu ya harusi, akaruka kilomita 80 hivi kwa saa moja na dakika nane. Pamoja na kunakili, kazi yote ilichukua saa mbili na dakika sita, na wakati huo laini ya intaneti ilikuwa imetuma asilimia 4 tu ya faili. Njiwa alifanya kazi ya megabiti 4.2 kwa sekunde; laini, kilobiti 170 hivi. Hata wanasayansi matajiri hufanya vivyo hivyo. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyoonyeshwa ulimwenguni tarehe 10 Aprili 2019, ilitengenezwa kwa data ya darubini za mabara kadhaa iliyosafirishwa kwa ndege ikiwa kwenye diski, na diski za Ncha ya Kusini zililazimika kungoja majira ya baridi yaishe ndipo ndege ziweze kuzichukua. Kutuma diski si dalili ya unyonge. Ni uamuzi unaotoka kwenye hesabu.

Na kabla ya kutuma chochote, uliza kama ni lazima kiwe kikubwa hivyo. Video ya saa moja yenye gigabaiti 4 imetumia karibu megabiti 9 kwa kila sekunde ya picha. Jamaa wengi wataitazama kwenye kioo cha simu. Ukiibana hadi megabiti 1.5 kwa sekunde inakuwa megabaiti 675, na kwa kasi ya kupandisha ya 2 inafika kwa dakika 51 badala ya saa tano. Inapita pia ndani ya kikomo cha WhatsApp, ambacho tangu 2022 ni gigabaiti 2 kwa faili linalotumwa kama hati. Ile asili ya gigabaiti 4 mwekee bwana harusi kwenye flashi, ndiyo atakayoitaka baada ya miaka ishirini.

Anayelazimika kutuma faili kubwa ajue tabia ya programu anayoitumia. Zipo zinazoendelea pale zilipokatikia, na zipo zinazoanza upya. Kwa mji ambao umeme wake unatoka kwa jenereta na sola, tofauti hiyo ni fedha taslimu: faili la gigabaiti 4 likikatika asilimia 90 na kuanza upya limekula gigabaiti 7.6 za bando kwa kazi ya 4. Kama programu haiendelei, kata faili vipande vya megabaiti mia tano kila kimoja. Kikikatika kimoja, unarudia hicho tu.

Kuna wajibu ambao si wa mteja. Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ya Sudan Kusini ingewatendea watu haki kwa kuzitaka kampuni zitangaze kasi ya kupandisha sambamba na ya kushusha, tena ile inayopatikana jioni, wakati watu wengi wako mtandaoni. Muuza mafuta hupimiwa lita zake, na muuza intaneti apimiwe megabiti zake. Hadi siku hiyo, ndugu msomaji, muuzaji akikuambia laini yake ni ya 10, muulize: ya kushusha au ya kupandisha, na saa mbili usiku inabaki ngapi? Asipokuwa na jibu, omba uipime kwanza kabla hujalipa.